Namna ya kuwatazama waamuzi katika mechi za mchangani: mwongozo wa mtazamaji wa Tanga

Mtu akienda uwanjani, macho yake huufuata mpira, na refa humpotea mpaka kipenga kilie. Hapo ndipo ubishi unapoanza, juu ya tukio ambalo mbishi mwenyewe hakuona refa alikuwa amesimama wapi lilipotokea. Anayetaka kujifunza kazi ya waamuzi hana budi kwanza auache mpira, na kwa mtu aliyekulia katika ubishi wa Coastal Union na African Sports, timu mbili za Tanga, hilo si jambo jepesi hata kidogo.

Kwa kazi hii, mechi ya ligi ya wilaya au ya ndondo ina manufaa kuliko mechi kubwa ya uwanja wa Mkwakwani. Jukwaani unakaa mbali, na kelele humeza kila neno. Katika viwanja vya mitaani, kama vile vya Ngamiani au Makorora, unasimama hatua chache tu kutoka mstari wa pembeni, unamsikia refa akimwonya beki kwa sauti ya chini, na unaona jinsi mshika kibendera anavyopanga miguu yake. Fika nusu saa kabla ya mchezo. Waamuzi huukagua uwanja, huvuta nyavu kuona kama zina matundu, na huzungumza wenyewe kwa wenyewe juu ya namna watakavyopeana ishara. Angalia pia kama wote watatu ni waamuzi waliopangwa, au kama yupo mmoja tu na vibendera vimekabidhiwa watu wa timu zinazocheza. Ikiwa ni watu wa timu, aghalabu refa huwaachia kazi ya kuonyesha mpira uliotoka tu, na suala la kuotea, yaani mshambuliaji kuwatangulia walinzi pasi inapotolewa, hulibeba mwenyewe. Usije ukawalaumu kwa jambo ambalo hawakupewa.

Mahali pa kukaa pachague kwa kuliangalia jua. Mechi nyingi za hapa huanza saa kumi alasiri, wakati jua limekwisha kuelekea upande wa Muheza, na kwa hiyo, katika uwanja ambao magoli yake yako kaskazini na kusini, mshika kibendera aliye upande wa baharini hufanya kazi yake huku jua likimpiga usoni. Wewe kaa upande wa magharibi, ulipe jua mgongo, lakini kumbuka taabu ya yule wa ng'ambo kabla hujamhukumu.

Kisha chagua mwamuzi mmoja na umfuate kipindi kizima. Nashauri uanze na mwamuzi msaidizi, yaani mshika kibendera, maana kazi yake ina mpaka ulio wazi. Kila msaidizi hushughulika na nusu moja ya uwanja. Kwa mpangilio uliozoeleka, ukilielekea goli linaloshambuliwa, msaidizi anayehusika atakuwa kwenye mstari wa mkono wako wa kulia, na refa atakuwa akikimbia kimshazari upande wa kushoto, ili mchezo ubaki kati yao wawili. Mara utakapoona wote wawili wamejikuta upande mmoja, ujue mpangilio umevurugika, na tukio la upande wa pili halina shahidi.

Msaidizi anapaswa kuwa sambamba na mlinzi wa pili kutoka mwisho, au sambamba na mpira iwapo mpira uko karibu zaidi na mstari wa goli. Kipa huhesabiwa miongoni mwa hao wawili, jambo linalosahauliwa sana pale kipa anapotoka golini na kupitwa. Kwa hiyo utazame mstari wa walinzi, kisha miguu ya msaidizi: je, mabeki wakipanda ghafla, naye anapanda pamoja nao, au anabaki nyuma hatua tatu? Aliye mzuri hutembea kiubavu, kifua kikiwa kimeuelekea uwanja, na hugeuka kukimbia moja kwa moja pale tu mchezo unapokwenda kasi. Hatua tatu hizo ndizo chanzo cha makosa mengi ya kuotea, kwa sababu mtu anayetazama kutoka nyuma ya mstari humwona mshambuliaji kana kwamba yuko mbele kuliko alivyo, au nyuma kuliko alivyo, kulingana na upande anaopita. Tena inampasa atambue papo hapo mambo mawili yaliyo mbalimbali, yaani mguu wa anayetoa pasi na mahali alipo anayepokea. Ndiyo maana mimi huandika daftarini mahali msaidizi alipokuwa kabla ya kuandika kama uamuzi ulikuwa sahihi.

Usiharakishe kulalamika kwamba kibendera kimechelewa. Kuwa katika eneo la kuotea peke yake si kosa; mchezaji hukosea anapoucheza mpira, anapomsumbua mpinzani au anapopata manufaa kutokana na mahali alipo, na msaidizi mwangalifu husubiri aone. Kibendera kikishapanda na refa kupuliza, ishara ya pili huonyesha mahali: kikielekezwa juu kimshazari, kosa liko upande wa mbali wa uwanja, kikinyooshwa sambamba na ardhi, liko katikati, kikielekezwa chini, liko upande wake wa karibu. Na mpira wa kurusha, mpira wa goli na kona havina kuotea. Nakiri kwamba niliwahi kumpigia kelele mshika kibendera juu ya mpira wa kurusha, mzee aliyekuwa karibu yangu akanitazama tu, akaendelea kutafuna karanga zake.

Bao likifungwa, waache wanaoshangilia umtazame msaidizi. Akilikubali bila shaka, hukutanisha macho na refa na kukimbia haraka kando ya mstari kuelekea katikati ya uwanja. Akisimama pale pale, ana jambo, na refa anayejua kazi yake atamtazama kabla ya kuelekeza mkono katikati.

Kipindi cha pili mfuate refa. Waamuzi wasaidizi hawabadilishani upande wakati wa mapumziko, kwa hiyo yule wa karibu yako sasa atasimamia ngome ya timu nyingine, nawe unaweza kumchungulia mara moja moja. Kwa refa, pima umbali na pembe. Anayekimbia nyuma ya mchezaji huona mgongo tu. Anayesogea kando huona pengo kati ya wachezaji wawili, na kosa hutokea ndani ya pengo hilo. Sikiliza pia kipenga. Faulo ndogo hupata mlio mfupi, kosa baya hupata mlio mrefu na mkali, na kwa mpira wa kurusha ulio wazi hahitaji kupuliza kabisa. Akiacha mchezo uendelee baada ya faulo kwa manufaa ya aliyetendewa, atanyoosha mkono mmoja au yote miwili mbele. Usigeuze macho, kwa kuwa anaweza kumrudia mkosaji kwa kadi mpira utakaposimama. Akinyoosha mkono juu kwenye mpira wa adhabu, hilo ni pigo lisilo la moja kwa moja, yaani bao halikubaliki mpaka mpira umguse mchezaji mwingine, na mkono hukaa juu mpaka mpira umguse mchezaji mwingine au utoke.

Jambo moja jipya limewachanganya watu wengi mitaani: tangu sheria za msimu wa 2025/26, kipa akiukamata mpira mikononi zaidi ya sekunde nane, wapinzani hupewa kona. Refa huonyesha sekunde tano za mwisho kwa mkono ulioinuliwa, kwa hiyo kabla ya kupiga mayowe, tazama vidole vyake.

Andika muda wa kila tukio, usiandike majina, na usimfuate mwamuzi kwa maswali wakati wa mapumziko. Wakati huo anakunywa maji na kuzungumza na wenzake. Mchezo ukiisha, ngoja kidogo usikimbilie daladala. Wasaidizi wataondoka kwenye mistari yao na kumfuata refa katikati ya uwanja, na namna watatu hao wanavyosimama, nani anasema na nani anasikiliza, wachezaji gani wanakuja kuwapa mkono na gani wanapita mbali, ndiyo mistari ya mwisho ya ukurasa wako wa siku hiyo.