SOMO: Kuiondoa YouTube video yako iliyopakiwa na mtu mwingine

Wakuu, swali hili haliishi. Naweka utaratibu wote hapa. Atakayeuliza tena mtumieni linki.

1. Nakili linki ya video yenyewe, siyo ya chaneli. Piga picha ya skrini inayoonyesha jina la chaneli na tarehe ya kupakia.

2. Hakikisha ni mali yako. Wengi wanaharibu hapa. Wimbo mmoja hubeba haki kadhaa: mashairi na melodi, rekodi ya sauti, na video. Unaweza kuwa umetunga wewe lakini rekodi ni ya aliyelipia studio, na video ni ya lebo. Fomu ya YouTube inafuata DMCA, sheria ya Marekani ya 1998. Ukiijaza unathibitisha, kwa adhabu ya kiapo cha uongo, kwamba wewe ndiye mwenye haki au umeidhinishwa naye. Ukidanganya kwa kujua unaweza kudaiwa fidia pamoja na gharama za wakili wa mwenzako, na akaunti yako inaweza kufungwa. Kwa hiyo:
- Kuwa na maandishi yaliyosainiwa na prodyuza na mpiga video. "Tulielewana tu" haitakusaidia siku mkikosana.
- Dai kilicho chako tu. Kama una mashairi peke yake, andika mashairi.
- Pima matumizi ya haki (fair use), yaani matumizi ambayo sheria inayaruhusu bila idhini yako. Katika kesi ya Lenz dhidi ya Universal, mahakama ya rufaa ya Marekani ilisema mwaka 2015 kwamba mdai lazima alifikirie hilo kabla ya kutuma taarifa. Sekunde chache ndani ya kipindi cha uchambuzi si sawa na wimbo mzima.

3. Ingia YouTube Studio, sehemu ya Hakimiliki, anzisha ombi jipya la kuondoa.

4. Jaza jina halisi, anwani, jina la kazi na linki. Kama kilichochukuliwa ni kipande, taja kinaanzia dakika ipi hadi ipi. Jina la mwenye haki litaonekana pale video ilipokuwa, na barua pepe inaweza kumfikia uliyemdai, hivyo tumia ya kazi.

5. Chagua: iondolewe mara moja, au mhusika apewe siku 7. Akiifuta mwenyewe ndani ya siku hizo hapati straiki, yaani onyo la hakimiliki kwenye chaneli yake. Kama ni shabiki asiyejua, mpe siku 7.

6. Akituma taarifa ya kupinga, una siku 10 za kazi kuonyesha kwamba umefungua shauri mahakamani dhidi yake. Usipoonyesha, video inaweza kurudi. Barua ya wakili au RB ya polisi si shauri.

MASWALI

kijana_wa_biti: Mkuu wameniibia wimbo, nianzie wapi?

Jibu: Hatua ya 1.

mzee_kideo: Mimi niliandika kabisa chini ya video "sina nia ya kuvunja hakimiliki" na bado nimepigwa straiki. Huu ni uonevu.

Jibu: Sentensi hiyo haikupi ruhusa. Ruhusa hutoka kwa mwenye kazi. Maliza mafunzo ya hakimiliki ya YouTube, straiki ya kwanza itaisha baada ya siku 90. Zikifika tatu ndani ya siku 90, chaneli inaweza kufungwa.

mzee_kideo: Kwa hiyo unawatetea?

Jibu: Nimekujibu ulichouliza.

dada_wa_kwaya: Kwaya yetu haijasajili nyimbo COSOTA, ofisi ya hakimiliki Tanzania. Tunaweza kudai? Na tenzi za zamani je?

Jibu: Swali zuri. Mnaweza. Haki huzaliwa kazi inapotungwa. Tanzania imo kwenye Mkataba wa Berne, mkataba wa kimataifa wa hakimiliki, tangu 1994. Cheti cha COSOTA ni ushahidi mzuri mkibishana, kwa hiyo sajilini tu. Kuhusu tenzi: kwa sheria yetu ya 1999, haki hudumu maisha ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo, Ulaya ni 70. Lakini angalieni na tafsiri. Melodi inaweza kuwa ya karne ya 19 huku maneno ya Kiswahili yakiwa ya mtafsiri ambaye bado analindwa. Rekodi mliyoimba na kuilipia wenyewe, hiyo daini bila wasiwasi.

kijana_wa_biti: Nimenunua biti mtandaoni, msambazaji ananiuliza kama aiweke Content ID, ule mfumo wa YouTube unaotambua kazi wenyewe. Nikubali?

Jibu: Sasa umeuliza la maana. Soma leseni. Kama si ya kipekee, kataa. Wengine 200 wanaweza kuwa na biti hiyohiyo, mfumo utawadai wote, nao watapinga dhidi yako. Content ID ni ya mwenye haki za kipekee.

fundi_mitambo: Nyongeza: tunzeni faili la mradi lenye treki moja moja, siyo MP3 pekee. Mwizi hana sauti yako ikiwa peke yake.

Jibu: Kweli kabisa. Na barua pepe mliyotumiana miksi, msifute.

dada_wa_kwaya: Redio wakipiga wimbo wetu tutumie fomu hii?

Jibu: Hapana dada. Redio ni suala la leseni na mirabaha. Andikeni majina ya watunzi na namba ya ISRC (utambulisho wa kimataifa) ya kila rekodi, mpeleke kwenye chombo cha kukusanya mirabaha mlichojiunga nacho. Kama hamjajiunga, anzeni hapo.