Kuisikiliza Riwaya ya Kijapani kwa Sikio la Mswahili

Anayetaka kuanza kusikiliza riwaya za Kijapani za siku hizi, zilizotafsiriwa kwa Kiingereza na kusomwa kwa sauti, aanze na iliyo fupi. Mimi hupendekeza Konbini Ningen ya Sayaka Murata, iliyopata Tuzo ya Akutagawa, tuzo kubwa ya fasihi ya Japani, mwaka 2016 na kutoka kwa Kiingereza mwaka 2018 kwa tafsiri ya Ginny Tapley Takemori, kwa jina la Convenience Store Woman. Toleo lake la sauti halifiki saa nne, kwa hiyo safari chache za daladala zenye foleni zinatosha kulimaliza.

Kabla ya kulipia, hakikisha kwamba toleo ni kamili, kisha sikiliza sampuli ya bure. Msimulizi ndani ya riwaya, Keiko Furukura, ana miaka 36 na amekuwa mfanyakazi wa muda katika duka lilelile kwa miaka 18. Husimulia mambo ya kushtua kwa utulivu wa mtu anayehesabu chupa rafuni, na kichekesho kimo katika utulivu huo. Msomaji anayeigiza mno angekiua. Ukisharidhika na sauti, pakua kitabu chote mahali penye Wi-Fi, ili usikatizwe njiani. Aliye Marekani au Uingereza mwenye kadi ya maktaba anaweza kujaribu kukiazima kupitia programu ya Libby.

Kinachowasumbua wasikilizaji wengi ni majina, ambayo kwenye kitabu cha sauti hupita bila kuonekana. Hapa Mswahili ana bahati. Kijapani kina irabu tano zinazokaribiana sana na zetu, na silabi zake nyingi huishia kwa irabu. Kwa hiyo chukua karatasi uandike kila jina kama unavyolisikia, kwa tahajia ya Kiswahili, nawe utaona kwamba Furukura, Shiraha na Mami yanaandikika bila taabu, tena karibu sawasawa na yanavyoandikwa kwa herufi za Kirumi. Tahadhari ni mbili. Keiko hutamkwa kwa «e» ndefu, kama Keeko, na si kwa irabu mbili mbalimbali. Pia sisi hukaza silabi ya pili kutoka mwisho, jambo ambalo Kijapani hakilifanyi, maana chenyewe hupandisha na kushusha toni.

Utasikia pia neno moja lililoachwa bila kutafsiriwa, «irasshaimase», ambalo wauzaji humwambia kila anayeingia. Usihangaike kulitafuta kwenye kamusi: ni «karibu» ya dukani, ila yule anayekaribishwa hatarajiwi kuitikia. Kichwa cha Kiingereza, kwa upande mwingine, kimebadilisha jambo, kwani katika jina la Kijapani «konbini» ni duka la aina hiyo, na «ningen» ni binadamu, awe mwanamke au mwanamume, na kitabu chenyewe kinauliza hasa nani huhesabiwa kuwa binadamu wa kawaida.

Usiongeze kasi ya usomaji, walau katika dakika kumi za mwanzo, na uvae hedifoni. Riwaya inafunguka kwa sauti za duka: kengele ya mlango, matangazo, milio ya mashine ya kuskania bidhaa. Keiko huzisikiliza hizo na kujua mteja anataka nini. Ukikaribia mwisho, kabla ya nusu saa ya mwisho, rudi ukasikilize tena dakika hizo za mwanzo, kwa kuwa sauti za duka zitarejea, na safari hii zitakuwa zinamwamuru.