Jinsi ya kumwomba mbunge akuulizie swali bungeni kuhusu mahakama, barabara na usafiri

Mwananchi hawezi kusimama Dodoma na kumwuliza Waziri swali. Mbunge anaweza, na nguvu hiyo inatoka Ibara ya 63(3)(a) ya Katiba ya Tanzania ya mwaka 1977, inayolipa Bunge mamlaka ya kumwuliza Waziri yeyote swali lolote kuhusu mambo ya umma yaliyo katika wajibu wake. Kazi yako ni kumpa mbunge swali lililokamilika kiasi kwamba halihitaji kuandikwa upya. Hakuna ada unayolipa wala fomu maalumu ya kujaza. Ni barua, vielelezo na kuwahi.

Shika maneno ya mwisho ya ibara hiyo, "yaliyo katika wajibu wake". Hapo ndipo maswali mengi ya wananchi yanapokwama.

Kwanza, jua jambo lako ni la wizara ipi

Kwenye barabara watu hukosea kila mara. Barabara kuu na barabara za mikoa ziko chini ya TANROADS (Wakala wa Barabara Tanzania), na anayejibu ni Waziri wa Ujenzi. Barabara za wilaya, za mitaa na za vijijini ziko chini ya TARURA (Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini), na anayejibu ni Waziri mwenye dhamana ya TAMISEMI, yaani Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa. Ukimpelekea Waziri wa Ujenzi swali la barabara ya TARURA, utakachopata ni maelezo ya nani anaihudumia, na umepoteza mkutano mzima wa Bunge. Kabla ya kuandika, nenda ofisi ya meneja wa TARURA wa wilaya ukaulize barabara yako imesajiliwa kwa jina gani, ina urefu wa kilomita ngapi na ni ya daraja gani. Jina linalotumika kijijini mara nyingi silo lililo kwenye orodha yao, na Serikali inajibu kwa kufuata orodha.

Usafiri wenyewe ni jambo jingine. Nauli na leseni za mabasi na daladala, ratiba za mabasi ya mikoani na nauli za treni ni mambo ya LATRA (Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini), chini ya Wizara ya Uchukuzi. Huko huko ndiko ziliko reli, bandari, viwanja vya ndege na meli za maziwa makuu. Vivuko vya TEMESA (Wakala wa Ufundi na Umeme), kwa upande mwingine, viko Wizara ya Ujenzi, kwa hiyo kivuko na meli katika ziwa lilelile vinaweza kujibiwa na mawaziri wawili tofauti. Trafiki na makosa ya barabarani ni ya Jeshi la Polisi, basi swali linakwenda Mambo ya Ndani ya Nchi.

Upande wa haki, Waziri wa Katiba na Sheria anajibu kuhusu majengo ya mahakama, upungufu wa mahakimu, msaada wa kisheria, vyeti vya kuzaliwa na vifo vinavyotolewa na RITA (Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini), na uendeshaji wa mashtaka kwa ujumla wake. Magereza, vituo vya polisi na hali ya mahabusu ni vya Mambo ya Ndani. Waziri hajibu kuhusu kesi iliyoko mahakamani, wala hawezi kueleza kwa nini hakimu fulani aliamua alivyoamua. Ibara ya 107B inazipa mahakama uhuru wa kuamua, na swali linalogusa shauri linaloendelea halipokelewi. Kama kesi ya ndugu yako inaahirishwa kila mwezi, usiitaje kesi. Uliza kuhusu kinachoikwamisha: mahakama ya wilaya hiyo ina mahakimu wangapi, inahitaji wangapi, na Serikali itaongeza lini.

Kwa upande wa Zanzibar, mambo yasiyo ya Muungano yanaulizwa Baraza la Wawakilishi, si bungeni Dodoma.

Kuandika swali lenyewe

Swali la msingi liwe sentensi moja, mbili zikizidi, na lihusu jambo moja. Lianze na "Je," kama desturi ya Bunge ilivyo. Linganisha haya mawili:

"Je, Serikali haioni kwamba wananchi wetu wanateseka kwa kukosa mahakama na barabara mbovu?"

"Je, ni lini Serikali itaanza ujenzi wa Mahakama ya Mwanzo katika Kata ya (jina), ambako kiwanja kimetengwa na kupimwa?"

La kwanza ni hoja iliyovaa alama ya kuuliza. Limebeba mambo mawili ya wizara tofauti, na jibu lake rahisi ni "Serikali inaona". La pili linadai tarehe au mwaka wa fedha, na limeshaziba mlango wa kutorokea: jibu la kawaida kwa maombi ya majengo ya mahakama ni kuiomba halmashauri itenge eneo. Kwa hiyo kiwanja kwanza, barua baadaye. Eneo likiwa limeahidiwa kwa mdomo tu kwenye mkutano wa kijiji, usiandike kuwa limetengwa. Waziri atakuwa na taarifa kutoka wilayani, na mbunge wako ataumbuka mbele ya nchi nzima.

Epuka majina ya watu, tuhuma, na maneno kama "uzembe" au "hujuma". Mambo ya namna hiyo huchujwa ofisini kabla swali halijaonekana popote.

Barua, vielelezo na muda

Barua isizidi ukurasa mmoja: jina lako, kata, namba ya simu, swali lenyewe, kisha maelezo mafupi yenye takwimu ulizozihesabu au kuzipata ofisini. Umbali hadi mahakama iliyo karibu, kwa kilomita. Nauli ya kwenda na kurudi. Miezi ambayo barabara haipitiki. Ambatisha muhtasari wa Kamati ya Maendeleo ya Kata uliojadili jambo hilo, barua yoyote ya halmashauri, na picha zenye tarehe. Muhtasari wa kata una uzito kuliko orodha ndefu ya sahihi, kwa sababu unaonyesha jambo limepita kwenye vikao halali.

Peleka nakala mbili ofisi ya mbunge jimboni. Moja ibaki, nyingine igongwe mhuri wa kupokelewa urudi nayo. Mwulize katibu wa mbunge ni lini atakuwa na jibu kama swali limepelekwa kwa Katibu wa Bunge.

Mbunge wako akiwa Waziri au Naibu Waziri, yeye hujibu maswali, haulizi. Hapo nenda kwa mbunge wa Viti Maalum wa mkoa wako. Ana haki ileile ya kuuliza, na wananchi wengi hawamkumbuki.

Kuhusu muda, swali halipelekwi leo likajibiwa kesho. Linaandikishwa kwa Katibu wa Bunge, Spika anajiridhisha kuwa linafuata Kanuni, kisha wizara inatumiwa ili iandae jibu kwa kukusanya taarifa kutoka mkoani na wilayani. Barua yako imfikie mbunge miezi miwili kabla ya mkutano unaoulenga. Mkutano wa bajeti huanza Aprili hadi mwisho wa Juni. Kwa jambo linalohitaji fedha, barua ya Aprili imechelewa, maana makadirio yameshaandaliwa. Lenga mikutano ya kabla ya hapo.

Siku ya swali

Kipindi cha maswali huja asubuhi, kikao kikianza saa tatu, baada ya dua na hati kuwasilishwa mezani. Huchukua kama saa moja na nusu. Jibu la msingi husomwa, mara nyingi na Naibu Waziri. Mbunge wako asipokuwepo, mwenzake anaweza kuliuliza kwa niaba yake, basi mkumbushe aache maelekezo.

Baada ya jibu, mwuliza swali hupewa maswali mawili ya nyongeza. Thamani kubwa iko hapa, kwa sababu Waziri hana karatasi ya kusoma. Mwandalie mbunge wako haya mawili mapema, kila moja likisubiri jibu la aina fulani. Jibu likisema fedha zimetengwa, la nyongeza liulize ni kiasi gani, katika mwaka upi wa fedha, na kiasi gani kimeshatolewa. Jibu likisema hazijatengwa, liulize hatua ya dharura: mahakama inayotembea, au matengenezo ya sehemu korofi kabla ya masika.

Usichanganye kipindi hiki na maswali ya papo kwa papo kwa Waziri Mkuu siku ya Alhamisi. Yale ni ya sera. Kipande cha barabara ya kata hakina nafasi pale.

Kulisoma jibu

Jibu linapatikana kwenye Taarifa Rasmi za Bunge, ambazo wengi huziita Hansard, katika tovuti ya Bunge. Lichape, kisha ulisome neno kwa neno.

"Kadiri ya upatikanaji wa fedha" maana yake hakuna fedha iliyotengwa. "Upembuzi yakinifu na usanifu wa kina unaendelea" maana yake mkandarasi bado yuko mbali: baada ya usanifu kuna nyaraka za zabuni, kutangaza, kuchambua, kusaini mkataba na kukabidhi eneo la kazi. "Iko katika hatua za manunuzi" ni habari njema zaidi, lakini uliza zabuni ilitangazwa lini. Jibu linalotaja mwaka wa fedha ndilo linalofuatilika. Mwaka huo ukifika, fungua vitabu vya bajeti: Mahakama ni Fungu 40, Katiba na Sheria Fungu 41, Uchukuzi Fungu 62, Ujenzi Fungu 98. Miradi ya maendeleo iko Kitabu cha Nne. Mradi usipoonekana humo, mpelekee mbunge ukurasa wa Hansard pamoja na ukurasa wa bajeti kabla wizara husika haijapitishiwa makadirio yake, maana hapo ndipo mbunge anaweza kushika shilingi ya Waziri, yaani kuzuia kupitishwa kwa mshahara wake, mpaka apate maelezo.

Na kama unachotaka ni taarifa tu, mfano ripoti ya usanifu au mkataba wa matengenezo, huhitaji kusubiri Bunge. Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inamruhusu raia kuiomba ofisi yenyewe kwa maandishi, nayo inatakiwa kukujibu ndani ya siku 30. Jibu hilo, hata likiwa la kukunyima, liambatishe kwenye barua ya mbunge.