Somo: Kuzoea sarufi ya Kiingereza kwa vifungu vifupi vya utamaduni na sayansi

Somo hili ni la mtu anayekielewa Kiingereza akikisoma, lakini akiandika barua ya kazi au insha ya chuo hurudishiwa ikiwa imejaa wino mwekundu. Mazoezi ya sentensi moja moja hayamsaidii sana, kwa kuwa sentensi iliyo peke yake haionyeshi kwa nini mwandishi aliweka "a" hapa na "the" pale. Kifungu kifupi huonyesha. Andaa daftari, kalamu za rangi mbili na dakika 25, siku nne kwa wiki.

Hatua ya 1: Chagua kifungu. Maneno 100 hadi 150 yanatosha. Ukikutana na maneno mageni zaidi ya matano, kiache, la sivyo utashinda ukipekua kamusi na sarufi ikupite. Vifungu vya sayansi vimejaa wakati wa mazoea, ile kazi inayofanywa na hu- yetu, pamoja na kauli ya kutendwa. Vya utamaduni na historia hukupa wakati uliopita. Changanya: viwili vya huku, viwili vya kule.

Pa kuvipata: toleo la Kiingereza chepesi la Wikipedia, maelezo yaliyo kando ya vitu vya maonyesho kwenye makumbusho ya Museum Hill jijini Nairobi, na vitabu vya watoto katika maktaba ya McMillan, Banda Street, au matawi yake ya Kaloleni na Makadara. Usione haya kubeba kitabu cha mtoto. Sentensi zake ni fupi na zimehaririwa. Vichwa vya habari vya magazeti viepuke kabisa. Huacha "the" na "is" makusudi ili kubana nafasi, kwa hivyo vitakuzoesha kosa lile lile unalopigana nalo.

Hatua ya 2: Soma mara mbili bila kalamu. Mara ya pili soma kwa sauti. Ukishindwa kueleza maana yake kwa sentensi mbili za Kiswahili, hujawa tayari kwa hatua inayofuata.

Hatua ya 3: Fuata kanuni moja tu. Hapa ndipo wengi huharibu: hupigia mstari kila kitu, mwishowe hawakumbuki chochote. Tazama kifungu hiki:

"Water boils at about 94 degrees Celsius in Nairobi. The city stands almost 1,800 metres above sea level, and the air at that height presses less on the water. A pot of beans therefore takes longer to cook here than in Mombasa."

Leo tufuate "a" na "the" peke yake. "Water" ya kwanza haina kitu mbele yake kwa sababu ni maji yoyote yale. Mwishoni mwa sentensi ya pili inakuwa "the water": ni yale yale tuliyokwisha kuyataja. "The city" ni Nairobi, imetajwa sasa hivi. "A pot" ni sufuria yoyote ya maharagwe, hata ya jirani. Kiswahili kingetumia "yale" au "hiyo" pale tu panapohitaji mkazo. Kiingereza hakikupi ruhusa ya kunyamaza.

Kesho rudia kifungu hicho hicho, ufuate vitenzi: "boils", "stands", "presses", "takes". Vyote vina "s", na hakuna hata kimoja chenye "-ing". Sisi husema "maji yanachemka" kwa sufuria iliyo jikoni sasa na kwa kanuni ya sayansi pia, kwa kuwa -na- hubeba mzigo wa pande zote mbili. Ndiyo maana mtu huandika "water is boiling at 94 degrees" bila kushtuka. Dawa ni kujiuliza: ningeweza kuweka hu- hapa? Kama jibu ni ndiyo, "-ing" haihitajiki.

Hatua ya 4: Toboa mapengo. Nakili kifungu ukiacha mapengo kama kumi, yote ya kanuni moja. Kwa vitenzi, andika kiini chake pembeni. Usijaze siku hiyo; ngoja kesho, maana leo utajaza kwa kukumbuka sura ya ukurasa tu. Waliofanya KCPE, ule mtihani wa mwisho wa shule ya msingi nchini Kenya, wanavijua vifungu vya mapengo. Tofauti ni kwamba hapa hakuna A, B, C na D za kubahatisha.

Hatua ya 5: Kijenge upya kutoka kichwani. Soma kifungu kingine mara moja, kifunike, andika maneno manane ya msingi, kisha uyajaze nyama hadi yawe aya kamili. Linganisha na cha asili, usahihishe kwa rangi ya pili. Maneno ya msingi yawe ya Kiingereza. Ukiyaandika kwa Kiswahili utakuwa unatafsiri, na makosa yatafuata mpangilio wa Kiswahili.

Sentensi iliyotofautiana na ya asili si lazima iwe kosa. Huenda ni njia nyingine ya kusema jambo lile lile. Yaliyo makosa yaandike katika safu tatu: nilichoandika, kilicho sahihi, sababu. Safu ya sababu ndiyo yenye faida, nayo ndiyo huachwa wazi. Utaona sababu chache zikijirudia:

Ya kwanza ni -me-. "Amevaa koti" hugeuzwa kuwa "she has worn a coat", ilhali ni "she is wearing a coat". "Amelala" ni "he is asleep". Katika vitenzi kama hivi, -me- yetu hueleza hali iliyopo sasa. Tena, ukitaja mwaka uliokwisha, "has" huondoka: "Wangari Maathai founded the Green Belt Movement in 1977. In 2004 she became the first African woman to win the Nobel Peace Prize." Ukisema "since 1977", "has" hurudi.

Ya pili ni kirejeshi. "Mifupa waliyoichimbua" ina kiambishi cha mtendwa, basi mtu huandika "the bones that they dug them up". Ondoa "them", "that" imeshafanya kazi hiyo.

Ya tatu, "yeye" kugeuka "he" kwa mwanamke. Ni kutokuwa makini tu, kagua mwishoni.

Maswali ya wanafunzi (kwenye mabano ni mahali anakoishi aliyeuliza)

Swali (Umoja): Mwalimu, kwa nini "If I would have known, I would have come" ni kosa? Kiswahili huweka -ngali- pande zote mbili.

Jibu: Hapo hapo ndipo tatizo. "Ningalijua, ningalikuja" ina pande mbili zinazofanana. Kiingereza huweka "would" upande wa matokeo peke yake: "If I had known, I would have come." Neno "if" likifungua kishazi cha namna hii, usiweke "would" ndani yake.

Swali (Kawangware): Nitajuaje kama ni "was found" au "is found"? Na "na" ni "by" au "with"?

Jibu: "The skeleton was found in 1984 by Kamoya Kimeu near Nariokotome, west of Lake Turkana. It is about 1.5 million years old." Kupatikana ni tukio lililokwisha, umri ni hali ya sasa. Kuhusu "na": mtendaji huchukua "by", chombo huchukua "with". Alikatwa na daktari, "by". Alikatwa kwa kisu, "with".

Swali (Kayole): Mzungumzaji akiuliza "Haven't you eaten?" nami sijala, nijibu "yes"?

Jibu: La. Sisi hukubaliana na swali: "Ndiyo, sijala." Kiingereza hutazama ukweli wenyewe: kama hujala, jibu ni "No, I haven't."

Swali (Pipeline): "Informations" na "equipments" nimeziona hata kwenye matangazo.

Jibu: Matangazo yamekosea. Hazina wingi. Sema "two pieces of equipment".

Swali (Zimmerman): Naweza kutumia programu ya kusahihisha kwenye simu?

Jibu: Baada ya hatua ya 5, si kabla. Na usiikubali moja kwa moja. "A city" na "the city" zote ni sahihi kisarufi, kwa hivyo huenda ikakuachia uliyoikosea kimaana.

Swali (Rongai): Mimi nina muda kwenye matatu tu.

Jibu: Hatua ya 2 na ya 3 zinafanyika ndani ya matatu, ila kusoma kwa sauti kufanye kwa kunong'ona. Kujaza mapengo pia kunawezekana foleni ikisimama. Hatua ya 5 inahitaji meza. Ifanye Jumamosi, vifungu viwili kwa mpigo.