Jinsi ya kuipima nyumba ya wazee kabla hujampeleka mama mwenye dimenshia (kwa walioko Uingereza)

Nimehudumia wazee huku England miaka tisa, nyumba nne tofauti, na haupiti mwezi bila ndugu kunipigia usiku ananiambia mama ana dimenshia, huu ugonjwa wa ubongo unaoharibu kumbukumbu, na dokta kasema hawezi tena kukaa peke yake, sasa tumpeleke wapi na tutajuaje kama hapo pazuri. Naandika yote hapa. Na wewe ambaye watu wa nyumbani wanakusema umemtupa mzazi, nisikilize kwanza: mtu anayeamka saa tisa usiku akawasha jiko la gesi alafu akatoka nje kwenye baridi na kanga moja, huyo anahitaji macho usiku na mchana, na wewe una shifti na watoto. Kumtafutia pahali pazuri nako ni kumtunza.

Anza na ripoti. England nyumba hizi zinakaguliwa na CQC, tume inayosimamia ubora wa huduma za afya na za wazee, na ripoti zake ziko bure kwenye intaneti, ngazi ni nne: bora sana, nzuri, inahitaji kuboreshwa, na haifai. Usiishie kwenye hilo neno moja, angalia tarehe, manake ripoti ya miaka minne nyuma inakupa habari za meneja ambaye pengine kashaondoka, na nimeona kwa macho yangu nyumba nzuri ikaharibika ndani ya miezi sita baada ya meneja kuondoka. Soma pale wanapoongelea usalama na uongozi. Scotland kuna Care Inspectorate, Wales na Ireland Kaskazini nao wana wakaguzi wao. Ripoti inakusaidia kupunguza orodha tu, baada ya hapo lazima uende mwenyewe.

Nenda mara mbili. Mara ya kwanza kwa miadi, watakutembeza na watakupa chai. Ya pili nenda saa kumi na moja jioni, au Jumapili, kwa sababu jioni ndo wengi wenye dimenshia wanaanza kuhangaika, wanataka kwenda nyumbani, wanatafuta watoto wa kuwatoa shule, na saa hizo hizo wahudumu wamechoka na chakula kinaletwa. Kaa pembeni uangalie. Muhudumu anaongea na mzee akiwa amemsimamia juu, au anachuchumaa macho yakutane? Mzee akisema anamtaka mama yake, anajibiwa mama yako alishakufa, yani anafiwa upya kila siku, au anaulizwa mama alikuwa anapenda kupika nini? Kikombe cha maji kiko karibu na mkono au kule dirishani? Na sahani. Wali mweupe kwenye sahani nyeupe juu ya kitambaa cheupe, mwenye dimenshia anaweza asiuone kabisa, sahani inarudi jikoni imejaa na kwenye daftari wanaandika amekataa kula. Wanaoijua kazi wana sahani za rangi.

Sheria ya England haijaweka idadi ya wahudumu, inasema tu watoshe, kwa hiyo uliza mwenyewe: usiku mko wangapi kwa wazee wangapi, na wangapi ni wa ajensi, yani wa muda wanaoletwa na kampuni ya nje? Mtu wa ajensi anaweza kuwa na roho nzuri sana lakini leo ndo siku yake ya kwanza, hajui kwamba mama akianza kuvuta vuta nguo anataka msalani.

Swali la dawa usilione aibu. Mwaka 2009 ripoti ya serikali ilikadiria kwamba Uingereza watu 180,000 wenye dimenshia walikuwa wanapewa dawa za kutuliza akili kila mwaka, waliofaidika kama 36,000 tu, na vifo vya ziada karibu 1,800. Risperidone, mojawapo ya dawa hizo, kwa mwenye Alzheimer's (aina moja ya dimenshia) imeruhusiwa kwa muda mfupi, mpaka wiki 6, tena pale ukali umezidi na njia zingine zimeshindwa. Kwa hiyo uliza nani anapewa, kwa nini, na dokta atarudi lini kuangalia kama iachwe. Mzee anayepiga kelele mara nyingi ana maumivu, au hajapata choo siku tano, au anaogopa. Na akibadilika ghafla, jana alikuwa anaongea leo haeleweki kabisa, usikubali kuambiwa ugonjwa umeendelea tu, omba dokta siku hiyo hiyo, inaweza kuwa maambukizi ya mkojo au ya kifua na yanatibika.

Sasa lugha, na hapa ndo wazee wetu wanaumia zaidi. Dimenshia mara nyingi inaondoka na lugha aliyojifunza ukubwani inamwachia ya utotoni, hata kama kaishi huku miaka 40. Kwenye nyumba moja niliyokuwa kulikuwa na bibi wa Tanga, asubuhi anasema choo, choo, wahudumu wakasikia "shoe", yani kiatu kwa Kiingereza, wanamletea viatu, yeye anavisukuma, wanajaribu tena, mwisho anajikojolea analia na anampiga mtu mkono. Daftari lilikuwa limejaa, anakataa kuvaa viatu, ana hasira. Wiki tatu. Mimi nilihamishiwa floo ile Jumatatu, nikamsikia, nikamwambia haya bibi twende, akanishika mkono mpaka tumefika. Siku hiyo hakumpiga mtu.

Kwa hiyo usimwache mama kabla hujaandika. Shirika la Alzheimer's Society lina fomu ya bure inaitwa This is me, ijaze, alafu ongeza karatasi yako mwenyewe yenye maneno kumi au kumi na tano, yaandike jinsi yanavyosikika: choo, maji, naumwa, baridi, njaa, niache, mwanangu. Wakumbushe wamwamkie shikamoo, wengi wao wanajibu marahaba hata kama maneno mengine yamepotea. Andika kama anatawadha, nyama halali, hataki kuogeshwa na mwanaume, chai ya maziwa yenye tangawizi. Bandika ndani ya mlango wa kabati, nyingine mpe nesi mkononi.

Ngozi nayo. Wahudumu wanafundishwa kutafuta wekundu kujua kidonda cha kulalia kinaanza, kwenye ngozi nyeusi wekundu mara nyingi hauonekani, inabidi kugusa kama pana joto, pamekuwa pagumu, au rangi imekoza kuliko pembeni yake. Uliza kama wanalijua hilo, na ukienda mwenyewe angalia visigino na mgongo chini. Peleka mafuta yake na kitana chake, na mfundishe mtu mmoja kumsuka mistari.

Mlango unaofunguliwa kwa namba ya siri usikutishe, lakini kama mama hawezi kuamua mwenyewe na haruhusiwi kutoka peke yake, lazima wawe wameomba kaunsili (serikali ya mtaa) kibali cha DoLS, yani kibali cha kisheria cha kumzuia mtu uhuru wake kwa usalama wake. Uliza kama wameomba.

Akishaingia, nenda siku na saa tofauti, usizoeleke. Ukiona kasoro andika tarehe na saa, piga picha ya kidonda au michubuko, mwone meneja, alafu peleka malalamiko kwa maandishi. Jibu lisiporidhisha, England kuna ombudsman wa serikali za mitaa na huduma za jamii, hatozi kitu. CQC hawaamui kesi ya mtu mmoja mmoja lakini waambie pia, wanaitumia kwenye ukaguzi. Ila ukihisi anapigwa, ananyimwa chakula au anaibiwa, hiyo usisubiri meneja ajibu barua, piga simu kaunsili idara ya kulinda watu wazima siku hiyo hiyo, na kama yuko hatarini saa hiyo piga 999.