Basi la shule vijijini England: chagua shule ukiwa umeshajua masharti ya usafiri

Wengi wetu tuliokuja Uingereza miaka ya karibuni kwa viza ya kazi za kutunza wazee hatukufikia London wala Birmingham. Tumejikuta Lincolnshire, Norfolk, Devon au Cumbria, kwenye vijiji ambako basi la abiria hupita mara chache kwa siku na sekondari iko mji wa pili. Mtoto atafikaje shule? Halmashauri inabanwa na sheria ya elimu ya mwaka 1996 kumsafirisha bure mtoto anayestahili. Lakini kustahili kwake hutegemea sana fomu uliyojaza ulipokuwa unaomba nafasi ya shule, na fomu hiyo hujazwa miezi mingi kabla ya kufikiria basi. Ndiyo maana naomba sana mzazi uyajue masharti haya kabla hujaandika jina la shule yoyote, na ikiwezekana kabla hujasaini mkataba wa nyumba.

Nazungumzia England peke yake. Wales, Uskoti na Ireland ya Kaskazini zina taratibu zao.

Umbali kwanza. Mtoto aliye chini ya miaka 8 anastahili usafiri wa bure kama shule iko zaidi ya maili 2 kutoka nyumbani, yaani kama kilomita 3.2. Akishafikisha miaka 8 mpaka 16, umbali unakuwa zaidi ya maili 3, karibu kilomita 4.8. Kwa hiyo mtoto anayeishi maili 2 na nusu anaweza kupanda basi darasa la pili, halafu akalipoteza kwa sababu tu ametimiza miaka 8. Ukipanga nyumba, piga hesabu ya umri huo pia.

Sharti linaloumiza watu wengi zaidi ni la pili: shule yenyewe lazima iwe ile ya karibu zaidi inayomfaa mtoto na yenye nafasi. Chukua familia inayoishi kijiji kilicho katikati ya miji miwili. Sekondari ya mji wa kwanza iko maili 4, ya mji wa pili maili 5 na nusu. Watoto wa majirani wote wanasoma ile ya pili, matokeo yake yanasifiwa, na kijiji kimo ndani ya eneo ambalo shule hiyo hulipatia kipaumbele. Wazazi wanaiweka hiyo juu kabisa kwenye fomu, wanaipata, wanafurahi. Wakiomba basi wanajibiwa hapana: shule ya maili 4 ilikuwa na nafasi, ninyi mmechagua kwenda mbali zaidi, usafiri ni juu yenu. Majirani hawakuwadanganya. Huenda wao wanalipia nauli, au watoto wao waliingia wakati masharti ya halmashauri yalikuwa mengine.

Familia hiyohiyo ingeiweka juu shule ya maili 4 na kukataliwa kwa kuwa imejaa, basi la kwenda shule ya maili 5 na nusu lingekuwa haki ya mtoto. Halmashauri nyingine huongeza kwa hiari yao usafiri wa kwenda shule ya eneo lako hata kama si ya karibu zaidi, kwa hiyo usome waraka wa halmashauri yako wewe, si wa rafiki aliye kaunti nyingine. Kwenye mtandao tafuta jina la halmashauri pamoja na maneno "home to school transport". Kumbuka pia kwamba sehemu nyingi za vijijini zina halmashauri mbili: ile ya wilaya inayokutumia bili ya council tax (kodi ya halmashauri), na ile ya kaunti. Mambo ya shule na basi yako kaunti.

Fomu ya sekondari hufungwa Oktoba 31, ya msingi Januari 15. Ukihamia katikati ya mwaka, shule za karibu huenda zimejaa. Ziombe hivyo hivyo, na kila barua ya kukataliwa itunze vizuri, maana ndiyo ushahidi wako kwamba shule ya mbali haikuwa chaguo.

Umbali haupimwi kama simu yako inavyopima. Ramani ya gari inaweza kukuonyesha maili 3.2, afisa akapima njia ya miguu inayokatiza shamba la ngano na kutokea nyuma ya kanisa, akapata 2.9. Anaruhusiwa, mradi mtoto akiongozana na mtu mzima aweze kupita salama. Nenda ukaitembee njia hiyo mwenyewe, hasa wakati wa mvua za baridi, upige picha: palipojaa maji, daraja lililovunjika, mahali inapotokea kwenye barabara kuu isiyo na kivuko.

Njia ikiwa ya hatari na hakuna nyingine salama iliyo ndani ya maili hizo, mtoto anastahili hata akikaa karibu. Wanaangalia wingi na kasi ya magari, upana wa barabara, kama kuna ukingo wa kusimama gari likipita, na kama dereva anawaona kwenye kona. Kwamba zamu yako ya kazi inaanza saa moja asubuhi, kwa kawaida hawalihesabu. Mzazi mwenye ulemavu unaomzuia kumsindikiza mtoto aeleze hilo kwenye maombi.

Mtoto asiyeweza kutembea kwa sababu ya ulemavu, mahitaji maalumu au shida ya viungo anastahili bila kuangalia maili.

Watoto wa familia zenye kipato kidogo kwa kipimo cha serikali wana nafuu zaidi. Wa miaka 8 hadi 10 hubaki kwenye kipimo cha maili 2. Wa miaka 11 hadi 16 wanaweza kwenda mojawapo ya shule tatu za karibu iliyo kati ya maili 2 na 6, au shule ya karibu zaidi ya dini ya wazazi iliyo kati ya maili 2 na 15.

Usiogope kuomba kwa sababu ya viza inayokataza misaada ya serikali. Basi la shule halimo kwenye orodha ya misaada hiyo.

Ukikosa, uliza kama kuna viti vya kulipia, ila ujue kiti hicho kinaweza kuchukuliwa akitokea mtoto mwenye haki. Na ukiona wamekosea, kata rufaa. Utaratibu unaopendekezwa na serikali unakupa siku 20 za kazi kuomba uamuzi upitiwe upya na afisa wa juu, na ukikataliwa tena, siku 20 nyingine kuomba jopo huru. Ambatisha picha, barua za shule na ramani yako. Baada ya jopo, malalamiko kuhusu jinsi halmashauri ilivyoshughulikia kesi hupelekwa bure kwa Local Government and Social Care Ombudsman, ofisi inayochunguza malalamiko dhidi ya halmashauri.