Kulifufua Tela Kuukuu la Pikipiki kwa Safari ya Tabora hadi Kigoma

Tela dogo la pikipiki lenye hema la kukunjua si kitu cha kawaida katika gereji za Tabora, na yale machache yanayouzwa huwa yamepitia mikono mingi kabla ya kumfikia mnunuzi wa mwisho. Mwongozo huu unaeleza namna ninavyolirudisha barabarani tela la aina hiyo kwa safari ya kwenda Kigoma kupitia Urambo, Kaliua na Uvinza, njia yenye vipande virefu vya msitu ambako kifaa kikikatika huwezi kutarajia duka la vipuri karibu. Ninalolisisitiza zaidi ni mpangilio wa kazi: tunaanza na vile vinavyogusa ardhi na vile vinavyoshikana na pikipiki, kisha rangi na turubai vinafuata mwishoni. Mafundi wengi hufanya kinyume kwa kuwa mteja hupenda kuona kazi inang'aa, lakini rangi mpya iliyopakwa juu ya ufa huuficha ufa huo mpaka siku chuma kitakapoachana njiani.

Kabla ya kutoa fedha, ulizia TRA (Mamlaka ya Mapato Tanzania) na askari wa usalama barabarani kuhusu usajili wa tela lenyewe na masharti ya kulivuta kwa pikipiki yako. Tela zuri lisilo na karatasi ni hasara.

Hatua ya kwanza: kulivua na kulikagua

Ondoa hema, sanduku, magurudumu na nyaya zote, ukipiga picha kila sehemu kabla ya kuifungua ili usibahatishe wakati wa kurudisha. Safisha fremu kwa brashi ya waya, kisha chunguza maeneo matatu kwa makini: mahali mkono wa kuvutia unapoungana na fremu, mahali springi zinaposhikiliwa, na kila alama ya kuchomelea ya zamani. Gonga chuma kwa nyundo ndogo. Palipoliwa na kutu kwa ndani hutoa sauti butu, na pengine nyundo huzama. Sehemu ya namna hiyo ikatwe na kuwekwa chuma kipya, kwa kuwa kuongeza kiraka juu ya kutu ni kuahirisha tatizo.

Kisha pima kama ekseli imekaa sawa. Vuta futi kamba kutoka katikati ya kichwa cha kuunganishia hadi ncha ya kulia ya ekseli, halafu hadi ncha ya kushoto. Vipimo hivyo vilingane. Tofauti ya zaidi ya milimita tano au sita hulifanya tela litembee upande na kula tairi upesi.

Hatua ya pili: beringi na magurudumu

Hapa ndipo ninapotumia muda mwingi, na sioni haya kumlipisha mteja kwa muda huo. Matela mengi madogo hutumia magurudumu yenye beringi za gololi zilizofungwa, na namba yake huandikwa pembeni. Ukikuta 6202, kwa mfano, unatafuta beringi yenye tundu la milimita 15 na kipenyo cha nje cha milimita 35. Chagua yenye herufi 2RS baada ya namba, maana ina mpira pande zote mbili unaozuia vumbi na maji. Usijaribu kuziosha za zamani kwa mafuta ya taa na kuzirudisha. Bei ya beringi mpya ni ndogo mno ikilinganishwa na ya gurudumu lililokwama porini.

Kama tela lako lina beringi za rola zenye umbo la koni, ambazo huja mbili kila gurudumu, zijaze grisi mpaka ipenye katikati ya rola, badilisha sili (mpira unaozuia grisi isitoke), kisha kaza nati huku ukizungusha gurudumu mpaka lianze kuwa zito. Baada ya hapo ilegeze nati hiyo, uikaze tena kwa vidole tu, na upachike pini mpya ya kuizuia. Nati iliyokazwa kwa nguvu za spana huchoma beringi.

Kwenye tairi, soma tarakimu nne za mwisho za msimbo unaoanza na herufi DOT, kama zipo: 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi yenye nyufa ubavuni haifai hata kama meno yake bado ni marefu.

Hatua ya tatu: kiungo cha kuvutia

Pikipiki hulala kwenye kona, ilhali tela la magurudumu mawili hubaki wima. Kwa hiyo kiungo lazima kiruhusu kupinda kulia na kushoto, kupanda na kushuka, na vilevile kujizungusha. Kikikataa kujizungusha, tela huipindua pikipiki. Mkono wa upande wa pikipiki ufungwe kwenye fremu kwa boliti. Keria haikutengenezwa kuvuta mzigo. Ongeza cheni ya usalama inayopita chini ya kiungo.

Hatua ya nne: umeme, rangi na turubai

Tumia taa za LED, kwa kuwa mfumo wa chaji wa pikipiki ni mdogo, na vuta waya wa ethi, yaani ule wa kurudisha umeme, hadi kwenye pikipiki badala ya kutegemea kiungo. Rangi ya kuzuia kutu kwanza, kisha rangi ya juu.

Turubai la pamba lilioshwe kwa maji na brashi laini bila sabuni ya unga, likauke kabisa, ndipo mishono ishonwe upya. Kuzuia maji, Tabora tumebahatika kuwa na nta ya nyuki. Iyeyushe katika chombo kilichowekwa ndani ya sufuria ya maji ya moto, kamwe si juu ya moto wenyewe, kisha ipake kwenye mishono na kwenye paa. Turubai lenye nta hushika moto kwa urahisi, hivyo jiko likae mbali. Hema la nailoni halihitaji nta.

Hatua ya tano: mzigo na majaribio

Kwa pikipiki ya cc 150, mimi huweka kikomo cha kilo 80, tela na mzigo pamoja. Pima kwa mizani ya kununulia mazao. Takriban sehemu moja ya kumi ya uzito huo ikae kwenye kiungo, yaani kilo nane hivi. Vitu vizito viwe mbele kidogo ya ekseli, kwani mzigo ukielemea nyuma tela huanza kuyumba mwendo unapoongezeka.

Jaribu kwanza hadi Urambo, ukiwa na mzigo kamili, na wakati wa kiangazi. Tela halina breki zake, kwa hiyo anza kupunguza mwendo mapema. Simama baada ya kilometa 20 hivi, gusa kila habu (kitovu cha gurudumu chenye beringi), kisha kaza nati za magurudumu. Habu ya vuguvugu ni sawa. Isiyoshikika kwa mkono ifunguliwe hapohapo, na safari ya Kigoma isubiri.